UKURASA WA NYUMBANI: Mlango Unapolia

Mwezi uliopita ukurasa huu uliongea juu ya nyufa za ukuta wa udongo, na wengi mmeniambia mmeziba. Asanteni. Swali la mwezi huu limetoka kwa mama mmoja ambaye alinisimamisha njiani nikienda darasani. Amepata mlango wa mbao, mzuri kabisa, akanunua rangi ya mafuta ya kijani huko Bweyale, akapaka mwenyewe jioni. Asubuhi akakuta michirizi imeshuka kuanzia kwa bawaba mpaka chini, na chini ya kila paneli kumening'inia matone yaliyoganda. Watoto wake wakaanza kucheka, ati mlango unalia. Yeye hakucheka, manake ile rangi ilimla pesa ya mwezi mzima ya kuuza mboga. Akaniuliza: "Mwalimu, nikipaka tena juu, si itafunika?"

Hapana mama. Haitafunika. Mchirizi ukipakwa juu unakuwa mchirizi mnene zaidi, na safari hii utaonekana hata kutoka barabarani. Lakini mlango haujaharibika, na rangi iliyobaki kwenye kopo inatosha kuutengeneza. Kitu unachohitaji sana hapa ni subira, na hiyo haiuzwi dukani.

Mnaweza kujiuliza mwalimu wa hesabu anajua wapi mambo ya rangi. Mjomba wangu ni fundi wa rangi Busia, upande huu wa Uganda. Tangu nikiwa kidato cha pili, likizo zangu nyingi zimeishia kwake, nikibeba ngazi na kusugua madirisha Busia na Tororo. Fremu za milango, madirisha, mbao za faisha chini ya paa, hizo ndizo kazi anazonipa, kwa sababu kuta ni za wakubwa. Kwa hiyo nimeona rangi ikilia mara nyingi, na nimeona anavyoinyamazisha.

Kabla ya kuingia kwa kazi yenyewe, wacha niseme kitu kuhusu milango. Wale tuliovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, tunakumbuka tulivyolala kwenye mashule kwanza, halafu Mulanda, kule Tororo, kwenye mahema. Nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka mama yangu akifunga hema kwa kamba kila usiku, anafunga, anafungua, anafunga tena. Hema haina mlango. Mtu akitaka kubisha hodi anabisha wapi? Ndiyo maana tulipohamishiwa huku Kiryandongo na watu wakaanza kujenga, kitu cha kwanza wengi waliongea juu yake kilikuwa mlango, si paa wala ukuta. Kwa hiyo mtu akicheka kwamba ukurasa mzima umeandikwa juu ya matone ya rangi kwenye mlango, mwacheni acheke.

Sasa, kwa nini rangi inatiririka? Rangi ya mafuta haikauki kama maji ya kufulia. Rangi ya maji, ile ya ukutani, hukauka maji yanapotoka. Rangi ya mafuta inaanza kwa kutoa kile kiyeyushi chenye harufu kali, halafu mafuta yaliyobaki yanavuta hewa na kuwa magumu polepole. Hiyo ya pili ndiyo inayochukua siku. Wakati inangoja kuwa ngumu, bado ni kimiminika, na kimiminika kikiwa kimesimama wima kinateremka. Ukipaka safu nyembamba, msuguano wa mbao unaishika. Ukipaka nene, ile ya juu inateleza juu ya ile ya chini.

Hapa nitawapa hesabu kidogo, wanafunzi wangu wa darasa la saba wataifurahia. Kwa kimiminika cha kawaida kinachoshuka ukutani, safu ikinenepa mara mbili, kiasi kinachoteremka hakiongezeki mara mbili. Kinaongezeka mara nane: mbili mara mbili mara mbili. Ikinenepa mara tatu, ni mara ishirini na saba. Rangi ina tabia zake na haifuati hesabu hii sawasawa, lakini inaeleza kwa nini mtu anapaka mlango mzima vizuri na kona moja tu, pale brashi ilipobanwa ikamwaga, ndiyo inayoshuka mpaka chini. Sehemu za kuangalia ni zile zile kila mahali: chini ya paneli, kwenye kona za fremu, kuzunguka bawaba na kitasa, na ile ncha ya mlango ambapo brashi ukiipitisha kutoka upande mmoja inakwanguliwa na ukingo na rangi inabaki upande wa pili. Hiyo ya ncha ndiyo inawashinda wengi kwa sababu huioni mpaka umalize.

Kuna na dhambi nyingine, ya kuongeza maji ya uongo. Rangi ikionekana haitoshi, mtu anaongeza petroli au mafuta ya taa ili ifike. Mafuta ya taa yanachelewesha kukauka na rangi inabaki inanata, vumbi lote la barabarani linalala hapo. Petroli ni hatari zaidi, na nitairudia chini. Kiyeyushi chake ni tapentaini ya dukani, na ni kidogo tu, kifuniko au viwili kwa kopo la lita, pale tu rangi ikiwa nzito na inavuta brashi. Ile tina kali ya mafundi wa magari wacheni huko gereji, inaweza kuamsha rangi ya chini na kuifanya ikunjamane kama ngozi ya maziwa.

Kurekebisha kunategemea umeigundua saa ngapi.

Ukiiona ikiwa bado mbichi, dakika chache baada ya kupaka, una bahati. Kamua brashi yako kwenye ukingo wa kopo mpaka iwe karibu kavu, usiichovye tena, halafu anzia chini ya tone uende juu taratibu, kisha maliza kwa mpigo mmoja mwepesi kufuata mbao. Basi. Mjomba ana desturi ya kurudi kwa kila mlango baada ya kama dakika kumi akiwa na tochi. Anaiweka tochi pembeni, karibu na mlango, si mbele. Mwanga wa pembeni unaonyesha kila uvimbe. Mwanga wa mbele unaficha. Kwa hiyo mlango wa kwanza anaukagua akiwa amemaliza wa pili, na wa pili akiwa amemaliza wa tatu.

Ukiiona wakati imeanza kunata, iache. Najua mkono unawasha. Iache hivyo hivyo. Ukipitisha brashi wakati huo, unachana ile ngozi nyembamba ya juu, unaburuta, na badala ya mchirizi mmoja unapata kidonda kikubwa kama kiganja. Hapa ndipo watu wengi huharibu mlango, si pale mwanzo.

Ikiwa imeshakauka, tunaingia kwa kazi yenyewe, na hapa nitawaeleza kitu nilichokiona Tororo kwa sababu kinaeleza kuliko maneno yangu.

Vijana wawili, watoto wa watu tunaowajua, walipata kazi ya kupaka milango minane ya vyumba vya kupangisha, karibu na mjini. Mwenye nyumba aliwapa nusu ya pesa na rangi. Rangi ilionekana itapungua, kwa hiyo wakaiongezea petroli, ile inayouzwa kwa chupa za soda barabarani. Wakapaka alasiri, baada ya mvua, wakalala. Asubuhi milango yote minane ilikuwa inalia. Mwenye nyumba akaja, akaangalia, akasema nusu ya pili haitoki. Siwezi kumlaumu sana yule mzee, hata mimi ningekasirika. Lakini hiyo nusu ndiyo ilikuwa nauli yao ya kurudi huku na karo ya mdogo wao.

Wale vijana walitaka kufanya kile kile mama yetu alichouliza: kununua kopo lingine kwa deni na kupaka juu. Mmoja akampigia mjomba simu kumwomba mkopo. Mjomba hakumpa. Alipanda matatu akaenda, nikaenda naye.

Alipofika hakushika brashi wala msasa. Alibonyeza tone moja kwa ukucha. Kwa nje lilikuwa gumu kama plastiki, lakini ukucha uliacha alama. Akawaambia: "Hii bado mtoto. Ndani ni maziwa." Na ni kweli. Nimeeleza kwamba rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa. Hewa inaingia kutoka nje, kwa hiyo ngozi ya juu inakuwa ngumu kwanza, na hiyo ngozi inazuia hewa kufika ndani. Sehemu zingine za mlango zinaweza kuwa kavu kesho yake. Tone nene linaweza kukaa laini ndani wiki nzima, wakati mwingine zaidi, hasa mvua zikinyesha. Ukilisugua kwa msasa kabla, ngozi inapasuka, ute unatoka, msasa unaziba, na unapaka ute mlango mzima.

Kwa hiyo akaenda kwa mwenye nyumba. Nayaandika maneno yao kama ninavyoyakumbuka, kwa sababu mazungumzo hayo ndiyo yaliyookoa pesa, kuliko msasa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ni wanangu. Mzee, nimekuja kuomba siku, sijaja kuomba pesa. Nipe wiki moja. Milango itakaa ilivyo, isiguswe. Baada ya hapo naikwangua mwenyewe na kuipaka mbele yako."

"Wapangaji wangu wanaingia mwisho wa mwezi, fundi."

"Kabla ya hapo itakuwa tayari. Na ile rangi ya kumalizia, ukate kwa pesa yao. Zilizobaki uwape mlango wa mwisho ukikauka."

Mzee akafikiria, akakubali. Vijana walinuna, walitaka waende siku ile ile. Lakini walirudi Busia na mjomba wakapewa kazi ya kusugua madirisha ili wale, na baada ya wiki tukarudi Tororo wote.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Alichukua skrepa bapa, akainoa ukingo wake kwa jiwe mpaka ikawa inakata karatasi. Kisu kikali au wembe uliofungwa kwa kijiti pia hufanya kazi, ila wembe mtupu utakukata wewe kabla ya rangi. Akailaza karibu sambamba na mlango, na akalikata tone kutoka juu kwenda chini kwa vipande vyembamba, kama mtu anavyoparua muhogo. Hakulipiga wala kulichimba. Ukichimba, tone linatoka pamoja na rangi yote ya chini na unabaki na shimo. Lengo ni kulipunguza mpaka libaki juu kidogo tu ya mlango, na hapo kisu kimemaliza kazi yake.

Kwenye milango miwili alikuta ndani bado ni laini licha ya wiki nzima. Akalikata tone, akaliacha wazi siku mbili zaidi. Ukiishalifungua hewa inaingia na linakauka haraka.

Halafu msasa. Aliufunga kwenye kipande cha mbao tambarare, kwa sababu vidole vyako vina mashimo kati yake na vinafuata uvimbe badala ya kuukata. Alianza na namba 120 juu ya tone tu, akamalizia na namba 220 kwa sehemu pana zaidi inayozunguka, mpaka ukifumba macho na kupitisha kiganja hujui tone lilikuwa wapi. Macho yanadanganya kwenye rangi inayong'aa, kiganja hakidanganyi. Pale ambapo shimo lilibaki alijaza pati kidogo, ikakauka, akalainisha. Pale mbao ilipoonekana alipaka undakoti kwanza, kwa sababu mbao tupu inakunywa rangi na unabaki na doa lisilong'aa.

Mwisho alisugua paneli nzima kidogo kwa msasa laini, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akangoja ikauke, akapaka. Na hakupaka doa. Alipaka paneli nzima kutoka kona mpaka kona, au ubao mzima kutoka kiungo mpaka kiungo. Rangi ya kung'aa ikipakwa doa katikati, lile doa litaonekana daima, kwa sababu mng'ao wa jana na wa leo haulingani. Mwisho wa doa ufiche kwenye kiungo cha mbao.

Vijana walilipwa. Pungufu, manake kopo la rangi lilikatwa, lakini walilipwa, na nauli ikapatikana.

Sasa kuna jambo ambalo sitaki mlipite haraka, hasa kina mama wenye watoto wadogo na wale wajawazito. Kabla ya kusugua rangi yoyote, jiulize: hii ninayoisugua ni ipi? Ikiwa ni rangi mpya uliyoipaka wewe juu ya mbao mpya, endelea. Lakini wengi wetu tunanunua milango na madirisha yaliyotolewa kwenye majengo yaliyobomolewa, kwa sababu ni bei rahisi. Hiyo ina rangi za zamani, safu juu ya safu, na rangi za zamani za mafuta mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Sisemi risasi ya bunduki, hiyo tunaijua sana, ingawa madini ni yale yale. Iliwekwa ili rangi ikauke haraka na iwe na nguvu, na kwa rangi kali kama njano, nyekundu, chungwa na kijani, ilikuwa ndani ya unga wa rangi wenyewe. Siku hizi viwango vya Afrika Mashariki vinataka rangi mpya isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja. Mlango wa zamani haujui habari ya viwango hivyo.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito kuelewa, hatulii, anasahau. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chochote kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto haliliwi na mlango, anakula vumbi: linaanguka sakafuni, anatambaa, anatia vidole mdomoni. Kwa mama mjamzito inapita mpaka kwa aliye tumboni. Mimi kama mwalimu nikiona mtoto amekaa mwaka mzima haelewi herufi, najiuliza mambo mengi, na hili ni mojawapo.

Kwa hiyo mlango wa zamani usisuguliwe ukiwa mkavu. Tumia msasa wa maji, ule mweusi, uloweshe, na mlango uloweshe kidogo kwa kitambaa, ili vumbi liwe tope badala ya kupaa. Fanya kazi nje, mbali na jikoni na mahali watoto wanapocheza, na watoto wapelekwe kwa jirani. Tandaza nailoni chini, ukimaliza ikunje na takataka zake ndani. Osha mikono na uso kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kitambaa cha kufunga mdomo kinasaidia kidogo tu, usikitegemee. Na tafadhali, vipande vya mbao vyenye rangi ya zamani visiingie kwenye jiko. Najua kuni ni taabu. Lakini moshi wake unaingia kwenye chakula na kwenye vifua vya wote walio ndani. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri na haibanduki, njia salama ni kuiacha palepale, kuisugua kidogo sana kwa maji, na kupaka juu.

Na petroli, kama nilivyoahidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu, unatambaa sakafuni kama maji, unafika kwenye jiko la makaa lililo hatua kadhaa mbali, na moto unarudi kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye kopo. Nyumba zetu ni ndogo na paa nyingi ni za nyasi. Hata kuoshea brashi, usitumie petroli ndani ya nyumba. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta navyo visirundikwe kwenye kona, kwa sababu vikikauka vinatoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze kwenye kamba nje.

Juu ya kuzuia, sina mengi. Ukiweza kuutoa mlango kwenye bawaba, utoe, uulaze juu ya meza au madawati mawili na upake ukiwa umelala. Rangi haina pa kuteremkia. Chovya brashi theluthi yake tu, igonge pande zote mbili ndani ya kopo. Anza na paneli, halafu mbao za kulala, halafu za kusimama, ncha mwisho. Safu mbili nyembamba kwa siku mbili tofauti ni bora kuliko moja nene, hata kama unaona haijafunika vizuri mara ya kwanza. Haitakiwi kufunika mara ya kwanza.

Na saa ya kupaka ni asubuhi, umande ukishakauka. Watu wa Tororo wanajua kwa nini. Mji ule ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, moja ya hesabu kubwa zilizowahi kuandikwa duniani, na ngurumo zake nyingi zinakuja alasiri. Mjomba akiwa Tororo anaacha kupaka nje saa sita mchana hata jua likiwaka namna gani. Anaangalia ule mwamba mkubwa, wingu likiukalia anafunika makopo. Unyevu ukilala juu ya rangi mbichi unaua mng'ao wake na kuchelewesha kukauka. Jua kali la moja kwa moja nalo si zuri, linakausha ngozi ya juu haraka na kuacha ute ndani, yaani ugonjwa ule ule. Huku kwetu mvua ni tofauti kidogo, lakini asubuhi bado ndiyo saa yake.

Mzee mmoja wa blok ya juu aliuliza pia juu ya madirisha ya chuma. Ni njia hiyo hiyo, ila ukifika kwenye chuma kitupu usikiache kilale bila rangi, hata usiku mmoja. Kifute kikauke kabisa, pakaa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, halafu ya juu ikishakauka hiyo. Kutu ikianza chini ya rangi mpya inaisukuma kutoka ndani na mwaka hauishi imebanduka.

Skrepa mbili zilizonolewa, kibao cha msasa na brashi moja ya inchi mbili nimeziweka kwenye sanduku ofisini kwa walimu. Yeyote anaweza kuazima kwa siku tatu, aandike jina kwenye daftari. Brashi irudi imeoshwa kwa tapentaini kidogo na kisha sabuni, ikiwa imefungwa karatasi ili nywele zake zisitawanyike. Iliyorudi ngumu kama kijiti mwezi uliopita tunajua nani aliazima, na tunamsubiri.

Mwezi ujao tutaongea juu ya paa linalovuja pale kwenye msumari.